Kichwa Kikisema Ndiyo

Spika zilifika Jumatatu ndani ya bahasha nyepesi mno, mpaka Stoyanka, mama yake Yavor, akaipima mkononi na kucheka.

"Wamekutumia hewa," alisema. "Tena hewa ya Sofia, si hata ya hapa Gabrovo."

Yavor aliichukua bahasha. Alikwisha kuzoea. Kazi yake ndiyo hiyo: tovuti moja ya Sofia, mji mkuu, humletea vitu vya bei ya chini, yeye huvitesa siku kadhaa, halafu huwaandikia wasomaji kama vinafaa kununuliwa ama ni takataka. Pasi, birika za umeme, saa za mkononi, na kuliko vyote spika za masikioni zisizo na waya, maana hizo huzaliana kama kunguni. Wasomaji walimpenda kwa uchoyo wake wa nyota. Hakuna kitu alichowahi kukipa nyota tano. Mtu wa Gabrovo akupe tano? Sisi ambao miji jirani hutusema kwamba tunawakata paka mikia, ili wakipita mlangoni wakati wa baridi mlango ufungwe upesi na joto lisitoroke! Kwa Yavor nyota tatu zilikuwa harusi.

Hizi za safari hii hazikuwa na jina la maana. Bei yake leva thelathini na tisa, rangi yake nyeupe ya maziwa yaliyolala, na kisanduku chake cha kuchajia kilifunguka kwa mlio wa kinyonge. Lakini zilikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kuliona katika spika za bei hiyo: zilitii kichwa. Kijikaratasi chake kilikuwa kimetafsiriwa kutoka Kichina na mashine isiyo na huruma, nacho kilisema hivi: "Simu ikiingia, kichwa kikisema ndiyo, simu inapokelewa. Kichwa kikisema hapana, simu inakatwa. Mikono yako ifurahi."

"Mikono ifurahi!" Stoyanka alisema alipokisoma juu ya bega la mwanawe. "Basi hiyo mikono yenye furaha ije inisaidie kumenya pilipili."

Ulikuwa mwezi wa Septemba, na jengo zima lilinuka pilipili hoho za kuchoma, kila baraza na jiko lake. Yavor alimenya. Alimenya Jumatatu yote, vidole vikawa vyekundu, huku spika zikimwimbia masikioni na yeye akiweka alama kichwani: besi hafifu, sauti za juu zinakwaruza, sikio la kushoto linadondoka ukiinama.

Alikuwa na miaka thelathini na minane, na bado alilala kwenye kitanda alichonunuliwa alipoanza sekondari. Miguu yake ilitokeza nje ya godoro, na asubuhi mama yake akipita huifunika blanketi. Tangu baba afariki walibaki wawili katika ghorofa ya nane, na kila Yavor alipotaja kuhama, moyo wa Stoyanka ulianza kuuma. Daktari aliupima moyo huo mara nyingi na kila mara akausifu. Haukuwa moyo wa kufa, ulikuwa moyo wa kushika. Ulishika kwa supu ya maharage, kwa soksi zilizopigwa pasi, kwa "unakwenda wapi?" kila kitasa kilipoguswa. Nasema wazi: Yavor alimpenda mama yake, na kuna siku alitamani kusimama dirishani apige mayowe.

Mwanamke aliyempenda aliitwa Sevda. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, na majira ya kuchipua alikwenda Varna, mji wa pwani, kwa kazi bora, akamwambia Yavor amfuate. Yavor akasema nitakuja baada ya Pasaka. Kisha akasema mama akipona mafua. Kisha pilipili zikiisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Sevda lilikuwa limeumia vya kutosha. Jumatatu hiyo hiyo alimpigia, naye Yavor akaipokelea simu bafuni, bomba likiwa wazi.

"Kesho mwenye nyumba analeta mkataba," Sevda alimwambia. "Nitakupigia saa nane mchana nikitoka kazini. Nataka neno moja tu. Ukiwa unakuja, tunaandika majina mawili. Ukiwa huji, naandika langu na sikupigii tena. Sina ugomvi na wewe, Yavo. Nimechoka tu."

"Nitakuja," Yavor alisema.

"Umesema nini? Sisikii. Hiyo ni mvua?"

"Nitakwambia kesho," alisema, na akafunga bomba.

Jumanne asubuhi ilibaki kazi ya kupima umbali. Hiyo Yavor huifanya kwa namna moja siku zote: simu anaiacha juu ya meza ya jikoni ikipiga muziki, yeye anatoka na spika masikioni, anakwenda mpaka muziki ukatike, na pale ulipokatika ndipo penye jibu. Saa nane ilikuwa bado mbali. Angeweza kuliacha jaribio hilo hadi siku nyingine, au kuitumia simu mbovu ya zamani. Hakufanya hivyo, na mimi sidhani ilikuwa bahati mbaya tupu. Mtu anayeogopa simu fulani hupata sababu nzuri sana za kuwa mbali nayo.

Aliwasha ile amri ya kichwa, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kupima umbali, mama. Simu iko mezani, usiiguse."

"Niiguse ya nini? Mimi polisi? Na kwa kuwa unashuka bure, shuka na chupa uzipeleke stoo ya chini. Mtu hashuki ghorofa nane mikono mitupu."

Basi akapakatishwa kreti la chupa za pilipili ya kusaga, bado zina moto, akaingia nalo kwenye lifti. Lifti yetu ni sanduku la chuma lisilo na mlango wa ndani. Ukishuka unaona ukuta ukipanda mbele ya pua yako. Mwaka mzima sisi wakazi tulikubaliana mkutanoni kwamba inakufa, na mwaka mzima hatukukubaliana nani alipie mpya. Yavor alibonyeza kitufe kwa kiwiko. Lifti ikaguna, ikashuka kama urefu wa kifua cha mtu, ikashtuka, ikasimama. Taa ikazimika.

Kwenye giza lile, mkabala wa kifua chake, palikuwa na mwanzo wa mlango wa ghorofa ya nane. Chini ya magoti yake palikuwa na kichwa cha mlango wa ghorofa ya saba. Katikati ni zege tupu. Muziki bado ulisikika, umepasuka pasuka lakini ulisikika, na Yavor, kwa mazoea ya kazi, alijiambia: mlango wa chuma, ukuta, bado zinashika, si haba.

Hapo muziki ukakatika na ile sauti ya kimashine ikatamka jina masikioni mwake: "Sevda. Sevda."

Ilikuwa saa tano tu! Kreti lilikuwa mikononi, chupa zinaunguza, na hata asingekuwa na mzigo, ile amri ya kichwa ilikuwa imezima vitufe vyote vya spika. Basi akatikisa kichwa kukubali. Akakitikisa kama kila mmoja wetu anavyokubali tangu ananyonya: upande huu, upande ule, upande huu, upande ule, kwa nguvu zote, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Maana sisi tukikubali tunatikisa upande kwa upande, na tukikataa tunakiinua kichwa juu. Dunia nzima inafanya kinyume, na hilo ni tatizo la dunia.

Lakini spika zilitengenezwa kwa ajili ya dunia.

"Simu imekataliwa," ilisema ile sauti.

Yavor aliganda. Kisha akaelewa. Alilitua kreti chini, akabonyeza kengele ya dharura, nayo haikulia, ilikuwa imekufa kabla ya lifti yenyewe. Akasukuma zege kwa viganja, kitendo cha kijinga, akajua ni cha kijinga, akasukuma tena. Hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya pilipili na siki. Mama yake alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Sauti moja ingetosha. Alifungua mdomo. Lakini angemwambia nini? Mama, njoo uniletee simu, nataka kumwambia Sevda kwamba nakuacha wewe nimfuate yeye? Akaufunga mdomo.

"Sevda. Sevda," ikaita tena.

Safari hii alijua la kufanya: kichwa juu, chini, juu. Akaanza, na shingo ikawa nzito kuliko kreti. Kumwinulia kichwa mwanamke unayempenda, hata gizani, hata kwa mashine! Alikuwa bado anajilazimisha pale laini ilipofunguka yenyewe. Haikuwa kazi ya kichwa chake. Huko juu, jikoni, Stoyanka alikuwa amepitisha kidole kwenye kioo.

Sasa vifaa hivi vina sheria yake. Maadamu spika zimeunganika na simu, sauti yote ya mazungumzo iko masikioni kwa mvaaji na kipaza sauti kiko kwake. Stoyanka alikuwa ameshika kipande cha kioo kisichosikia wala kusema.

"Yavor?" Sevda alisema, wazi kabisa, kana kwamba yumo mle lifti. "Umenikatia simu?"

"Hapana," Yavor alinong'ona.

"Halo? Nimetoroka kazini dakika tano, mwenye nyumba amekuja mapema. Yuko hapa na kalamu. Yavo?"

Hapo mlango wa nyumba ukafunguliwa, na kandambili za mama yake zikaja zikiburuzika mpaka mbele ya mlango wa lifti, maana pale ukumbini ndipo mtandao unaposhika vizuri.

"Halo! Halo!" Stoyanka alipayuka. "Sevda? Sikusikii, mwanangu, lakini nadhani wewe unanisikia. Ni mimi, mama yake Yavor."

Sevda hakumsikia. Kipaza sauti cha spika kilisifiwa kwenye kijikaratasi kwamba kinafuta kelele zote za nyuma, na kwa hilo hakikudanganya.

"Yavor hayupo, ametoka," mama aliendelea, na sauti yake ikashuka, ikawa laini. "Ameniachia maneno nikwambie mimi, kwa kuwa yeye ana haya. Haji. Amefikiri sana, anasema hawezi kuniacha peke yangu. Usimpigie tena, mwanangu, utamuumiza bure. Wewe kijana, utapata mwingine."

Yavor alisimama gizani, mlango mmoja tu baina yao, na alichohisi kwanza hakikuwa hasira. Kilikuwa aibu. Maana mama yake hakubuni kitu. Yale maneno yalimkaa sawasawa kama koti lake mwenyewe. Ndiyo ambayo angeyasema yeye saa nane mchana, na pengine si kwa ustadi ule. Hasira ilikuja baadaye kidogo, na ilipokuja ilikuwa kubwa, na nusu yake ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Naona simu imepokelewa," Sevda alisema sikioni. "Yavor, uko hapo?"

"Nakuja," alinong'ona. "Andika majina mawili."

"Sisikii kitu."

Akarudia, mdomo karibu na kola, mkono juu ya mdomo ili sauti isivuke mlango. Lakini spika za bei hiyo hazijui tofauti ya kelele na mnong'ono. Kilichofuta sauti ya mama kilifuta na yake.

"Unafanya makusudi?" Sevda aliuliza. "Sawa. Hata kunyamaza ni jibu. Mwenye nyumba ananitazama kama kichaa. Nahesabu mpaka tatu, kama mtoto, halafu nakata. Moja."

"Sevda?" Stoyanka aliuliza kule nje. "Sema neno basi, usininyamazie hivyo."

"Mbili."

Mficha uchi hazai. Yavor aliondoa mkono mdomoni.

"Nakuja!" alipiga kelele, na sanduku zima la chuma likaitikia. "Sevda, nakuja Varna! Andika majina mawili! Nakuja!"

Nje, kandambili hazikusogea. Hakuna kilichosogea.

"Mungu wangu, umenipasua sikio," Sevda alisema, akivuta kamasi. "Kwa nini ulinikatia?"

"Nilitikisa kichwa kukubali. Hizi spika zikaona nimekataa."

Sevda alicheka, akacheka mpaka Yavor akamsikia mwenye nyumba akiuliza kuna nini. "Mshamba wewe! Mshamba wangu. Uko wapi?"

"Kwenye lifti. Imekwama."

"Na mama?"

"Yuko hapa nje ya mlango."

"Anasikia?"

"Kila neno," alisema Yavor, kwa sauti ile ile kubwa. Hakuona tena sababu ya kuishusha.

Ukucha ukagonga mlango wa chuma, taratibu.

"Yavor? Umo humo?"

"Nimo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujatoka na simu."

Yavor alimsikia mama yake akikaa sakafuni, kwa mguno, mgongo ukiegemea mlango. Alikuwa ameketi usawa wa kifua cha mwanawe.

"Nilidhani uko barabarani," alisema.

"Najua."

"Nilisema nilichotaka wewe uwe umesema."

"Najua, mama. Mara ngapi nimekisema kweli."

"Moyo wangu..." alianza, na Yavor akakaza mwili, akingoja pigo alilolizoea. Lakini mama aliliacha neno likining'inia hapo. Alipumua. "Moyo wangu mzima," alisema mwishowe kwa chuki. "Yule daktari mpumbavu alisema kweli miaka yote." Kisha: "Bado yuko kwenye simu?"

"Yupo."

"Mwambie Varna kuna upepo. Wewe masikio yako dhaifu."

Yavor akamwambia. "Mwambie nimesikia," Sevda alijibu, "na mwambie sikati simu mpaka utoke." Yavor akayafikisha na hayo.

Stoyanka alijiinua, akachungulia kwenye ngazi, akamwita Minko kwa sauti iliyowatoa watu kwenye mabaraza yao. Mzee Minko alikuwa fundi lifti kabla ya kustaafu, anakaa ghorofa ya chini kabisa, na ndiye mpinzani mkuu wa kulipia lifti. "Mimi lifti naisikia ikipita tu," husema mkutanoni. Alipanda ghorofa zote nane akilaani kila moja.

"Nani mjinga yumo humu?"

"Mimi, mzee."

"Ah, Yavor. Ulilipa mchango wa lifti?"

"Nililipa."

"Basi unaona faida yake." Akapita kwenda juu, kwenye chumba cha mitambo. Vyuma vikagongana, vumbi likamwagikia Yavor shingoni, kisha sauti ya mzee ikashuka kupitia shimo la kamba.

"Nageuza gurudumu kwa mkono! Nimpeleke wapi? Juu ni raha, yeye mwepesi kuliko uzito wa upande wa pili wa kamba, lifti inapanda yenyewe, mara moja yuko mlangoni kwenu. Chini itabidi nizungushe mpaka nitoke jasho. Bibi Stoyanka! Unasemaje, nimtoe wapi mwanao?"

Ndivyo watu walivyouliza siku zote. Mwanao atakula nini, mwanao atavaa nini. Yavor mwenyewe alijikuta amenyamaza, shingo imeelekea mlangoni, akingoja mama aseme. Alipojigundua anangoja, alitishika.

"Muulize mwenyewe," Stoyanka alisema. Sauti yake ilikuwa kavu na ilikaribia kukatika. "Mdomo anao. Nimeusikia leo."

"Haya, Yavor! Juu au chini? Mgongo wangu hauna siku nzima!"

Upenyo wa mwanga chini ya mlango wa ghorofa ya nane ulikuwa na vivuli viwili vya kandambili. Yavor alivitazama. Angeweza kuvigusa.

"Chini," alisema. Kisha akapaza sauti: "Chini, mzee! Nitaweka chupa stoo, halafu nitapanda kwa miguu yangu kufunga begi."

"Wagumu nyinyi," mzee alinung'unika, na gurudumu likalia.

Lifti ilishuka kiganja kimoja, ikapumzika, ikashuka kingine. Ule upenyo ukapanda kutoka kifuani mwake hadi kidevuni, hadi machoni, hadi juu ya nywele, na vile vivuli viwili havikuondoka. Sevda alikuwa akimsimulia sikioni habari za dirisha linalotazama miti, na sauti yake ikaanza kuraruka. Neno likaja, neno likapotea. Kisha spika zikatoa mlio mdogo na kufa: umbali umefika mwisho.

Zilipoachana na simu, simu ilirudishiwa sauti yake. Yavor alilisikia hilo kwa masikio yake mwenyewe, kupitia shimo la lifti: juu kule, mkononi mwa mama yake, Sevda alikuwa akiita halo, halo, umenikatia tena?

Mama yake angeweza kusema lolote sasa, na hapakuwa na mtu wa kumzuia.

"Nakusikia," alisema Stoyanka. "Ni mimi." Gurudumu likazunguka. "Hapana, mwanangu, hakukata. Anashuka."